Sampuli Haikuharibika

Hakimu mwanangu,

Nilimdanganya Feliksi. Nilimwandikia kwamba sampuli yangu iliharibika njiani na maabara ikashindwa kuisoma. Haikuharibika. Majibu yalinifikia mwezi wa nne, nikayasoma katika chumba cha kompyuta cha shule huku wenzangu wakigombania mashine iliyokuwa nzima, na tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza, na nimechagua kukuambia siku ya mwisho. Hilo nalo unisamehe.

Ninaandika maktabani, saa kumi za jioni. Kesho alfajiri unapanda basi la Arua. Habari za chandarua, soksi na dawa ya minyoo Mama, bibi yako, amekwisha kukuambia mara tatu, sitazirudia. Nataka kukueleza yale ambayo nimeshindwa kuyasema kwa mdomo. Unanijua. Mgeni akiingia kwetu mimi hutafuta kitabu.

Hapa kambi ya polisi wanakucheka kwa kuniita baba. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe kumi na mmoja. Siku ile bombani Mama Akello alikuuliza, "Huyu ndiye baba mdogo? Huyu ni baba kidogo kabisa!" na wanawake wote wakashika mbavu. Wewe ukajibu, "Ni kidogo, lakini ndiye anasaini ripoti yangu ya shule." Mimi niliinua dumu langu nikarudi ndani. Lakini nilifurahi, Hakimu. Nilifurahi wiki nzima na sikukuambia. Mazuri niliyoyaona kwako nimeyafungia kabatini kama vitabu visivyoazimwa, na sasa unaondoka.

Baba yako alipofariki hakuna aliyeniuliza kama naweza. Mdogo wa marehemu ni baba. Watu walilala wakijua hivyo, wakaamka wakijua hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu hapo nimekuwa nikijaribu, na nimechoka, na sitaki udhani nimechoka nawe. Nimechoka na jambo nililolibeba peke yangu, kwa sababu ya jina letu.

Babu yako, ambaye wewe hukumkuta, alikuwa konstebo wa polisi, na aliitwa Yosia Odrua. Mimi na baba yako tulizaliwa kambini, katika chumba kile kile tunachotakiwa kuwarudishia polisi mwisho wa mwezi. Hakutupeleka kijijini hata mara moja. Ukimwuliza kwetu ni wapi alisema, "Kwetu ni hapa. Namba ya mlango huijui?" Kila Krismasi kambi ilibaki tupu. Familia zilibeba kuku na masufuria mapya kwenda kwao, sisi tukabaki kuwalindia milango. Mimi sikuona shida, nilikuwa na vitabu. Baba yako ilimuumiza. Alikuwa mtu mzima, askari mwenye bunduki, na bado alisimama kwenye lango la kambi akiwapungia mkono watu wa basi mpaka vumbi lilipotua.

Kisha akatokea Feliksi. Feliksi Odrua anaishi Ulaya, anatengeneza mitambo ya hospitali, na alifungua kundi la WhatsApp la watu wote wenye jina hilo. Ujue kwamba kule kwetu jina halirithiwi. Mtoto hupewa jina la mambo yaliyokuwapo alipozaliwa, na ndugu wa tumbo moja huenda wasifanane jina hata kidogo. Lakini watu wa Feliksi waliwahi shule ya misheni, na padri akawaandika wote kwa jina la babu yao, likabaki. Kwa hiyo walihesabu kwamba kila Odrua ni wao. Tena walikuwa na mtu wao aliyepotea. Yosia Odrua, kaka yake Mzee Kaleb, mkubwa wa ukoo wao, alikwenda Kongo ujanani kuchimba dhahabu, asirudi. Baada ya miaka ikasikika kwamba jina lake limo katika orodha ya polisi Kampala.

Baba yako alipoandika kundini, "Mimi ni Dikson, mtoto wa marehemu Konstebo Yosia Odrua," simu yake ililia mpaka betri ikaisha. Alikaa kitandani akiwa na simu iliyozimika mkononi, akaniambia, "Profesa, tuna watu." Alikuwa akiniita Profesa. "Tuna watu wengi, bwana. Hata majina yao yote siwezi kushika."

Alipogongwa na lori kwenye barabara ya Kawempe, watu hao walikuja. Hawakuuliza lolote. Walikuja na gari usiku kucha kutoka Arua, wakamchukua, wakamzika katika uwanja wa nyumba yao, kando ya wazee wao. Unakumbuka. Mzee Kaleb alikuwa amevaa sweta la kijani lenye tundu kiwikoni. Alikushika kichwa kwa mikono miwili mbele ya watu wote akasema, "Mnaona kichwa hiki? Hiki ni kichwa cha Odrua, hakuna kofia ya duka itakayokitosha," na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Nawe ukacheka, mara ya kwanza katika siku tatu. Baadaye wakakupimia shamba dogo, kutoka kaburi la baba yako mpaka kwenye kijito, wakapanda mkonge kwenye pembe zake.

Mwaka jana Feliksi akaanza kupima watu. Nilikueleza wakati ule, lakini ulikuwa unacheza. Katika kila seli ya mwili wa mwanamume kuna kitu kinaitwa kromosomu Y. Baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake, karibu bila kubadilika, hata majina yakibadilika mara kumi. Maabara husoma alama zake na kuziandika kama safu ya tarakimu. Safu mbili zikifanana, wenyewe ni wa baba mmoja wa zamani. Feliksi alitaka kuuchora ukoo wote kwa njia hiyo, na kwa tawi la Yosia mwanamume aliyebaki mkubwa alikuwa mimi. Akatuma bahasha yenye vijiti vya pamba.

Ulikuwepo. Niliosha mikono kama daktari, nikasubiri saa nzima bila kula, nikaanza kusugua ndani ya shavu huku nikiangalia saa. Ukaniuliza, "Baba Mdogo, unapiga mswaki bila dawa?" Nikakukemea usinicheke, kwa sababu kwangu ilikuwa kama ibada. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu jambo hilo. Nilitaka tarakimu ziseme kwa maandishi kile ambacho Mzee Kaleb alikisema kwa mikono yake. Nilidhani maandishi yana nguvu zaidi.

Majibu yalipokuja niliweka safu yangu chini ya safu ya Feliksi na ya mtoto wa Mzee Kaleb, ambazo alikuwa amezibandika kundini kwa fahari. Zao zilipishana kwa alama moja tu. Yangu ilipishana nazo kwa alama kumi na tisa kati ya thelathini na saba. Watu wa ukoo mmoja hawapishani hivyo. Nilihesabu tena nikitumia rula kwenye kioo cha kompyuta. Nitakuambia ukweli ambao unanitia aibu: kabla sijahuzunika, nilijisifu kwamba nimeweza kuyasoma majibu bila mwalimu. Nilikaa pale kama dakika mbili nikiwa mwanafunzi hodari. Kisha nikaona kaburi la baba yako.

Ili Feliksi ayaone majibu ilibidi mimi mwenyewe nibonyeze niyaunganishe na ya kundi lake. Sikubonyeza. Nikamwandikia uongo ule, naye akanijibu vizuri sana, akanipa pole.

Siku chache baadaye nilimkuta Mama akimenya mihogo ya kukaanga. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Mama, Baba aliingia polisi kwa jina gani?"

"Swali gani hiyo? Kwa jina yake."

"Lile alilozaliwa nalo?"

Kisu kikasimama. "Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Wewe na vitabu yako, siku moja vitakufukuza hapa." Akamenya muhogo mzima bila kuniangalia. Halafu akasema, "Polisi walitaka mtu ya P7, darasa ya saba. Baba yako aliacha P4, hawakuwa na kitu. Yosia alikuwa rafiki yake. Wakati Yosia anaenda Kongo alimwambia, chukua cheti yangu, mimi kule kwa dhahabu hakuna mtu ataniuliza cheti. Basi. Akakuwa Yosia. Miaka arobaini wanaita Yosia, anaitika. Hata mimi."

"Hata mkiwa wawili?"

"Tukiwa wawili nilimuita Candia." Alilitamka taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu alichokiacha zamani. "Ndiyo jina yake. Candia."

"Sasa kwa nini hukusema walipokuja kumchukua kaka?"

"Banange, Yona." Aliweka kisu chini. "Mtoto yangu amelala ndani ya sanduku. Mimi sina shamba hata ya kuzika kuku. Watu wanakuja na gari, wanalia kunipita mimi mwenyewe. Ningewaambia nini? Rudini?"

Akachukua kisu tena.

"Na hiyo kipimo yenu, na mama pia iko ndani?"

"Hapana. Inafuata baba kwa mtoto wa kiume tu."

"Basi ni kipimo ya nusu mtu." Kisha akaniangalia sana. "Mate yako iliharibika kweli?"

"Iliharibika."

"Sawa," akasema. Alijua. Aliniacha na uongo wangu kwa sababu yeye alikuwa na wake, na tukaishi hivyo miezi saba katika chumba kimoja, tukipishana kama watu waliobeba maji ya moto.

Hakimu, nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili yako. Mama anahamia Kawempe kwa dada yake, mimi nitalala sebuleni kwa watu, na mama yako ana nyumba nyingine Jinja ambayo hukukaribishwa. Mzee Kaleb peke yake alisema, "Mleteni, shule iko, chakula iko, baba yake iko." Nilijiambia kwamba kijana mwenye akili haharibu mahali pekee palipo wazi. Sasa naona kwamba sehemu kubwa ilikuwa woga. Mimi huogopa hata kumwomba kondakta chenji. Nilikuwa nimepata sababu nzuri ya kuendelea kuogopa, na sababu hiyo ilikuwa wewe.

Kisha Jumapili Mzee Kaleb akapiga simu, ukaiweka kwenye spika. Alisema Feliksi anakuja Krismasi na vijiti vingine. "Ya Yona si iliharibika? Basi atapima huyu mdogo. Tutaita wazee wote, tuchinje mbuzi, apimwe mbele ya watu." Ulipiga makofi. Uliniuliza kama pamba inauma. Mimi nilitoka nje nikajifanya nageuza nguo kwenye kamba.

Tangu Jumapili sijala vizuri. Nikinyamaza, utaketi mbele ya wazee, utafungua kinywa kwa furaha, na baada ya wiki kadhaa utasomewa kwamba wewe si mtu wao, ukiwa na miaka kumi na mmoja, mbali na Mama, bila mtu wa kusimama nyuma yako. Watadhani tulikutuma. Nikisema sasa, huenda kesho usiwe na pa kwenda, na sijui watafanya nini na kaburi. Nimezipima njia hizi mbili siku nne. Katika vitabu nilivyosoma mtu akifikiri vya kutosha huona njia ya tatu. Mimi sikuiona.

Ninachoweza kukuambia ni kidogo. Usikubali kupimwa peke yako, kwa pamba au kwa maneno, ikiwa anayekupenda anaweza kupimwa kabla yako. Na mtu akikushika kichwa kwa upendo, usimdharau baadaye kwa sababu alikosea kuhusu kichwa hicho. Nilianza kumdharau Mzee Kaleb kidogo, rohoni, kwa kuwa mimi nilijua na yeye hajui. Ni tabia mbaya ya watu wanaosoma sana. Wewe unapenda mpira zaidi, huenda ikakupita.

Naacha hapa kidogo. Nataka kupiga simu kabla mkutubi hajafunga.

Nimerudi. Sasa ni saa moja, niko nyumbani, wewe uko nje na wenzako mnauaga uwanja. Nitakuandikia kilichotokea kama kilivyotokea.

Nilisimama nyuma ya maktaba, kwenye matangi ya maji. Mzee Kaleb alipokea mara moja.

"Nani?"

"Yona, Mzee. Mdogo wake Dikson."

"Ah, mwalimu! Mtoto amefunga mizigo?"

"Amefunga. Mzee, sampuli yangu haikuharibika."

"Sampuli ni kitu gani?"

"Ile pamba ya Feliksi. Majibu yalikuja, nikayaficha. Sisi si damu yenu. Baba aliingia polisi kwa cheti cha Yosia. Jina lake lilikuwa Candia, alikuwa rafiki yake."

Nilisikia kuku, na mwanamke akiuliza karai liko wapi. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Sasa Yosia yetu," akasema, "iko wapi?"

Hakimu, katika miezi saba sikuwahi kuliwaza swali hilo. Niliwaza shamba, kaburi, shule, wewe, mimi. Mzee Kaleb alikuwa na kaka aliyempata, aliyeoa, aliyevaa sare, aliyekufa kitandani akiwa na watoto, na mimi nilikuwa nimemchukua kwa sentensi tatu.

"Sijui, Mzee. Alikwenda Kongo."

"Kampala hakufika."

"Hakufika."

"Hata siku moja."

"Hapana, Mzee."

Alikohoa kwa muda mrefu. Nikamwomba msamaha. Aliponijibu alikuwa na hasira, lakini ya chini, ya mtu mzima.

"Wewe unaniletea kifo cha kaka yangu kwa simu, kama bei ya tumbaku? Hii si maneno ya simu. Njoo. Utasimama pale tulipomlaza ndugu yako, utasema mbele ya watu, na useme jina ya baba yako ya kweli. Mtoto pia aje."

"Mtamfukuza, Mzee?"

"Nimesema njoo." Akakata.

Sijui maana yake. Nimeligeuza neno hilo njia nzima kutoka shule na halifunguki. Huenda shamba likachukuliwa. Huenda ukabaki, huenda tukarudi wote wawili na basi la Jumapili. Sitakuahidi nisichokijua, nimechoka na vitu vya namna hiyo.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa historia nikamwambia sitafanya mtihani wa Ijumaa. Aliuliza kama ni msiba. Nikasema ndiyo, wa mzee anaitwa Yosia. Kisha nikaenda kwenye ofisi ya basi, nikakata tiketi ya pili, kiti cha karibu na chako. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama yote, mpaka lile swali la Mzee Kaleb. Alifunika uso kwa kanga kwa muda. Baadaye akafua shati langu jeupe na kulianika juu ya jiko la mkaa likauke kabla ya kesho.

Barua hii nitakupa tukishavuka daraja la Karuma, kukiwa kumekucha vizuri. Uisome polepole, mimi nitakuwa pembeni. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie humo ndani ya basi, kabla hatujafika kwa watu.

Mama amenifundisha kuyasema maneno kwa lugha ya kule, maana mimi naijua ya salamu tu. Amenisimamisha katikati ya chumba, yeye amekaa kitandani akiwa ndio wazee. Mara ya kwanza nilitazama sakafu. "Inua kichwa," akasema, "na usikimbize maneno, hao watu hawafukuzwi." Mara ya pili nilikosea jina la kilima alikozaliwa babu yako. Mara ya tatu Mama mwenyewe alilia, tukasubiri. Mara ya nne nilisema yote mpaka mwisho, nikamtaja Candia kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kisha nikatoka nje kukuita uje kula.

Baba yako mdogo,
Yona